Lugha ya Ahadi katika Biashara Ndogo ya Mtandaoni: Namna Mtaji Unavyokua au Kupotea katika Maneno

Ikisiri

Makala haya yanaeleza nafasi ya lugha katika ukuaji wa mtaji wa biashara ndogo zinazotangazwa na kuendeshwa kwa simu miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Tanzania na nchi jirani. Yanadai kwamba mfanyabiashara wa aina hii hapati ukwasi kwa kuonekana na watu wengi tu, bali kwa miamala inayofika mwisho bila ugomvi. Miamala hiyo husimama juu ya maneno machache ambayo maana zake hubadilika mzigo unapovuka mpaka. Mifano inatokana na msamiati wa soko unaojulikana hadharani na hesabu ya kufikirika ya mtaji mdogo. Mapendekezo ya kisera yanahusu istilahi za mauzo na lugha ya sheria za miamala ya kielektroniki.

Utangulizi

Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, haikukusudiwa kuwa kaunta ya duka. Ilikuwa njia ya kutumiana pesa. Hata hivyo, simu iliyoweza kupokea pesa ilihitaji jambo moja tu ili iwe duka, nalo ni picha ya bidhaa. Mitandao ya kijamii ilipoleta picha, muuzaji wa madera wa Mwanza, muuzaji wa viatu wa Kampala na mama wa Bukavu anayeagiza vitenge walijikuta wakifanya biashara ileile kwa njia ileile: picha huwekwa, mteja huuliza, bei hujadiliwa, pesa hutumwa, mzigo hupakiwa kwenye basi au kwa bodaboda.

Maduka makubwa ya mtandaoni yenye mikokoteni ya kidijitali na bei zilizopangwa hayakufaulu kila mahali. Jumia ilisitisha shughuli zake Tanzania mnamo Novemba 2019. Sababu za kampuni kuondoka sokoni ni nyingi na si zote za kilugha. Hata hivyo inafaa kuangalia kilichobaki baada yake. Kilichobaki ni biashara ya mazungumzo. Mteja wa ukanda huu hununua kwa mtu, na mtu huyo hujulikana kwa namna anavyojibu.

Mafunzo mengi ya ujasiriamali wa mtandaoni hulipita jambo hili. Hufundisha namna ya kupiga picha, saa nzuri ya kutangaza, na mbinu za kuongeza wafuasi. Hayo yana manufaa yake. Lakini wafuasi si mtaji, na mauzo si ukwasi. Ukwasi, kwa maana inayotumika hapa, ni sehemu ya faida inayorudi kwenye mzigo na kuukuza, mzunguko baada ya mzunguko, hata mfanyabiashara apate kitu cha kushika siku anapougua au anapotaka kujenga. Sehemu hiyo ndiyo inayoliwa na maneno yasiyoeleweka.

Hesabu ya madera arobaini

Chukuliwe mfano wa kufikirika. Mfanyabiashara ana mtaji wa shilingi 600,000 za Tanzania. Ananunua madera 40 kwa bei ya jumla ya shilingi 15,000 kila moja. Anauza kwa shilingi 20,000. Gharama ya kifurushi cha intaneti, mfuko, makato ya kutoa pesa na mchango wake katika usafirishaji ni shilingi 2,000 kwa kila dera. Faida halisi ni shilingi 3,000 kwa dera, yaani 120,000 mzigo wote ukiisha salama.

Sasa dera moja likapotea. Limetumwa, mteja akasema si alilolitaka, akakataa kulipa salio, na mzigo ukabaki stendi mpaka ukachakaa. Hasara ni shilingi 17,000. Ili kuifidia, mfanyabiashara anahitaji faida ya madera karibu sita mengine. Yakipotea mawili kati ya 40, faida ya mzunguko hushuka kutoka 120,000 hadi 80,000. Yakipotea sita, faida huwa sifuri kabisa: madera 34 yaliyouzwa yanaleta 102,000 na sita yaliyopotea yanazimeza zote.

Nyumba nayo haipunguzi matumizi kwa sababu mteja amegoma. Kama familia inachukua shilingi 60,000 kila mzunguko, mfanyabiashara asiyepoteza kitu anarudisha 60,000 kwenye mtaji. Aliyepoteza madera mawili anarudisha 20,000. Kwa mwendo huo, wa kwanza anahitaji mizunguko 10 kuufikisha mtaji wake mara mbili, na wa pili anahitaji 30. Tofauti ya mizunguko 20 inatokana na mazungumzo mawili yaliyokwenda vibaya katika kila arobaini. Akitaka kuifidia kwa matangazo, itambidi auze madera zaidi ya kumi na matatu ya ziada kila mzunguko, na mtaji wa kuyanunua hana.

Si kila hasara ni ya lugha. Wapo matapeli, yapo mabasi yanayopoteza mizigo, na zipo bidhaa mbovu. Ila sehemu ya hasara ambayo mfanyabiashara anaweza kuizuia bila kuongeza hata senti moja ni ile inayotokana na pande mbili kutumia neno moja kwa maana mbili.

Kuuza ni nini?

Mfano ulio wazi zaidi ni kitenzi ambacho biashara yote inakizunguka. Katika Kiswahili sanifu, anayeuza hutoa bidhaa na kupokea pesa. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, na katika maeneo mengine ya mashariki mwa Kongo, kuuza ni kununua, na anayetoa bidhaa anauzisha. Mfumo huo una mantiki yake ya kimofolojia. Kiambishi cha kutendesha kinaonesha kwamba muuzaji ndiye anayemfanya mwingine anunue. Hivyo mtu wa Lubumbashi anapoandika kwamba anataka kuuza simu, muuzaji wa Kariakoo huenda akadhani amepata mshindani au mtu anayetaka kumtupia mzigo. Mara nyingi muktadha huokoa. Lakini sentensi kama “nimekwisha kuuza kwa mtu mwingine” inaweza kumaanisha kwamba mteja amekwenda kununua kwingine, na muuzaji akaisoma kama habari ya mtu aliyemaliza bidhaa zake.

Mwanaisimu anayeshikilia usanifu atasema mteja afundishwe. Sokoni ushauri huo haufai. Kumsahihisha mteja wa Lubumbashi ni njia ya haraka ya kumpoteza, na isitoshe Kiswahili chake kina historia ndefu iliyochunguzwa na wataalamu, akiwemo Johannes Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji. Kinachohitajika ni muuzaji ajue kwamba neno hilo lina pande mbili na alizungushie maneno yasiyo na utata: wewe unalipa, mimi ninatuma mzigo.

Majina ya fedha yanaleta hatari kubwa zaidi kwa sababu hayasikiki kuwa na utata. Kenya, Uganda na Tanzania zote zina shilingi. Rwanda, Burundi na Kongo zote zina faranga, na Kongo bei hutajwa pia kwa dola. Shilingi moja ya Kenya ina thamani ya takribani shilingi ishirini za Tanzania. Tangazo linalosema “elfu mbili tu” likiwekwa Namanga au Tarakea husomwa na watu wawili kwa bei mbili zilizoachana mara ishirini. Mteja anayeona bei ya ajabu haulizi, hupita tu. Anayeuliza huanza mazungumzo akiwa na shaka kwamba anadanganywa. Tangu mwaka 2015 wateja wa Safaricom wa Kenya na Vodacom wa Tanzania wameweza kutumiana pesa moja kwa moja kuvuka mpaka. Simu inabadilisha fedha vizuri, ila haiwezi kubadilisha fedha ambayo haikutajwa jina.

Kuna pia maneno ya ubora. Orijino, feki, kopi, gredi A na mtumba ni ahadi zilizofupishwa. Nguo ambayo Mtanzania anaiita mtumba, Mganda anaiita mivumba na Mnyarwanda caguwa, na kila jina limebeba matarajio yake kuhusu usafi, umri na haki ya kuchagua. Caguwa lenyewe linamaanisha kuchagua. Mteja wa Kigali aliyezoea kuchambua kwa mkono wake hawezi kuridhika kwa urahisi na bando lililofungwa na muuzaji aliye mbali. Isitoshe, mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba hadi dola 2.5 kwa kilo, na tangazo la “bei mpaka mlangoni” lisilosema nani analipa ushuru linaweza kugeuka mgogoro mpakani.

Ahadi kama tendo

Nadharia ya tendo uneni, iliyoasisiwa na J. L. Austin katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, inafundisha kwamba kuna semi ambazo kuzitamka ni kutenda. Kuahidi ni mojawapo. Mazungumzo ya biashara ya WhatsApp yamejaa semi za aina hiyo: “niwekee”, “nitachukua”, “nimekutumia”, “poa”, “mzigo umetoka”. Kila mojawapo inaweza kuwa ahadi, nia tu, au adabu.

“Niwekee” ndilo lenye kesi nyingi. Mteja anapomwambia muuzaji amwekee dera la kijani, je, amenunua? Muuzaji mwenye dera moja la kijani analiondoa kwenye picha na kukataa wateja wengine. Mteja alikuwa akionesha kupendezwa. Wiki mbili zikipita, pesa ya muuzaji imelala ndani ya dera hilo, na hana wa kumlaumu kwa sababu mteja hakusema uongo. Wauzaji wenye uzoefu wamebuni dawa yake wenyewe: malipo ya awali, na kauli kwamba anayewahi kulipa ndiye mwenye mzigo. Kauli hiyo inageuza tendo la kuahidi kutoka kwenye neno hadi kwenye muamala wa pesa, na kwa sababu hiyo ni bora kuliko mbinu nyingi za kutangaza.

Desturi ya kuficha bei inastahili kutazamwa kwa jicho hilohilo. “Bei njoo inboksi” huwakera wateja wengi, na watetezi wa haki za mnunuzi huiona kuwa hila. Ina sababu zake. Muuzaji anaogopa mshindani atakayeshusha bei kwa shilingi mia tano, anataka nafasi ya kupima uwezo wa mteja, na anajua kwamba majadiliano ni sehemu ya heshima ya soko la ukanda huu: mteja asiyepunguziwa hujiona hakuthaminiwa, ndiyo maana huuliza “mwisho ngapi?” hata bei ikiwa imeandikwa. Pamoja na hayo, bei iliyofichwa haiachi kumbukumbu ya hadhara. Mteja wa tatu hawezi kujua kwamba wa kwanza na wa pili walitendewa sawa. Uaminifu hujengwa upya kutoka mwanzo kwa kila anayebisha, na kazi hiyo huchukua muda ambao mfanyabiashara wa peke yake hana.

Namna za kuitana nazo zina bei. Muuzaji humwita mteja dada, mama, bosi, mpenzi. Kampala utasikia nyabo na ssebo. Maneno haya hulainisha mazungumzo na kuleta oda. Vilevile humfunga aliyeyatamka. Aliyekuita dada kwa miezi mitatu hawezi kwa wepesi kukudai salio kwa ukali, na ombi la “nitakumalizia mwisho wa mwezi” hupita kwenye mlango uleule wa undugu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na biashara ya simu imeufanya usemi huo kuwa mgumu zaidi, kwa sababu mdaiwa anaweza kumfungia mdai kwa kubofya mara moja.

Hali ya winga inaonesha jambo hili likiwa limevuliwa nguo. Winga wa Kariakoo, ambaye zamani alimshika mteja mkono barabarani na kumpeleka dukani, siku hizi hupiga picha bidhaa ya mwenye duka, huiweka kwenye Stetasi yake na kuongeza cha juu. Hana mzigo, hana ghala, mara nyingine hana hata nauli. Mtaji wake wote ni kauli yake kwamba bidhaa ipo, ni orijino na itafika. Akikosea mara moja kuhusu saizi au rangi, mwenye duka hapotezi kitu, na mteja humkumbuka winga. Ndiyo maana mawinga waliodumu ni wepesi wa kusema “sina uhakika, ngoja niulize dukani” kuliko wanavyodhaniwa.

Kumbukumbu ni mali ya nani?

Neno likishasemwa vizuri linahitaji mahali pa kukaa. Stetasi ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24. Mazungumzo hubaki mpaka simu iibwe au ifutwe. Ukurasa hubaki mpaka mwenye mtandao aufunge, na hapo ndipo biashara ndogo huwa dhaifu kuliko mwenyewe anavyodhani.

Uganda imetoa funzo la wazi. Mwezi Julai 2018 ilianza kutozwa kodi ya shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti. Mwezi Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, mitandao ilifungwa, na huduma nyingine ziliporejeshwa, Facebook iliachwa imefungwa. Muuzaji aliyekuwa amekusanya wateja wake wote kwenye ukurasa wa Facebook aliamka akiwa na bidhaa bila soko. Aliyekuwa na daftari la namba za simu, pamoja na kile kila mteja alichonunua na saizi yake, alihamia WhatsApp, na hasara yake ilikuwa ya siku chache.

Daftari hilo ndilo mali. Likiwa na tarehe, bei, jina la fedha na alama ya aliyelipa kwa wakati, na likilinganishwa na taarifa ya miamala ya simu, linampa mfanyabiashara kitu cha kumwonesha mkopeshaji asiyekubali picha wala wafuasi kuwa dhamana. Ugumu uko kwenye ujumbe wa sauti. Katika mashariki mwa Kongo, ambako wengi wamesoma kwa Kifaransa na kusema kwa Kiswahili, makubaliano ya bei mara nyingi hufanywa kwa sauti. Sauti ina uzito wa utu kuliko maandishi, lakini haitafutiki, na hakuna anayerudi kusikiliza jumbe mia mbili ili athibitishe kwamba usafiri ulikuwa juu ya mnunuzi. Dawa yake ni ndogo: baada ya makubaliano ya sauti, muuzaji aandike mstari mmoja wa kuyarudia na amwombe mteja ajibu.

Lugha ya sheria na lugha ya muamala

Kwa watunga sera, tatizo linaonekana vizuri zaidi muamala mmoja unapofuatwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Muuzaji wa Dar es Salaam na mteja wa Bukavu wamekubaliana kwa Kiswahili. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, iliyotungwa kwa Kiingereza. Kongo ina Kanuni ya Kidijitali ya Machi 2023, iliyoandikwa kwa Kifaransa. Mzigo ukipita Rwanda unakutana na sheria zinazochapishwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Uganda ina sheria yake ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2011, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, yenye vifungu kuhusu mikataba ya intaneti. Zote zinatambua kwa namna moja au nyingine kwamba mkataba unaweza kufanyika kwa njia ya kielektroniki. Hakuna hata moja inayoeleza kwa lugha ya wafanyabiashara hawa kama “niwekee” ni oda.

Hatua za kisiasa zimeshapigwa. Mkutano wa Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wa Februari 2021 uliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka huohuo Tanzania ilibadili sheria yake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Kinachokosekana ni kazi ya istilahi iliyo chini ya kiwango cha itifaki na juu ya kiwango cha mazungumzo ya stendi.

Kazi hiyo inaweza kuanza na faharasa fupi ya mauzo, isiyozidi maneno hamsini, itakayotayarishwa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, pamoja na mabaraza ya lugha na vyama vya wafanyabiashara wadogo. Faharasa isikanushe matumizi ya Kongo wala ya Kenya, bali iyaweke ubavuni mwa usanifu: kuuza na kuuzisha, jumla na holseli, oda na agizo, malipo ya awali na amana. Iandamane na kauli nne za mfano ambazo muuzaji anaweza kuzinakili kwenye simu yake: bei ni kiasi gani na ni fedha ya nchi gani, usafiri na ushuru ni juu ya nani, mzigo unakuwa wa mnunuzi tangu saa ngapi, na ukirudishwa, unarudishwa kwa masharti gani.

Jambo la tatu kati ya hayo ndilo linalozusha ugomvi mwingi na ndilo lisilo na neno la Kiswahili lililokubalika. Muuzaji hudhani wajibu wake umekwisha anapokabidhi mzigo kwa kondakta na kupewa risiti. Mnunuzi hudhani mzigo si wake mpaka auguse. Wote wawili wana hoja, na mpaka neno lipatikane, kauli ndefu inatosha: “nikishaukabidhi kwa basi, ukipotea ni hasara yako”, au kinyume chake.

Kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000, utaratibu rahisi wa biashara ya mpakani unamruhusu mfanyabiashara mdogo kupata cheti rahisi cha uasilia papo hapo mpakani. Utaratibu huo haugusi madera yaliyoshonwa nje ya Jumuiya, hata yakinunuliwa Kariakoo. Wauzaji wengi wa simu huchanganya mahali bidhaa iliponunuliwa na mahali ilipotengenezwa, kwa kuwa neno “ya Tanzania” linabeba maana zote mbili. Maofisa wa madawati ya habari za biashara kwenye mipaka wanaweza kuanza hapo, kwa bango la Kiswahili linalotenganisha “imenunuliwa” na “imetengenezwa”, kabla faharasa nzima haijakamilika.